Sauti ya Tisa

Tumbili dume alikuwa amekalia kisanduku. Hakujificha wala hakuchungulia. Alikaa juu ya paneli ya sola, miguu ikining'inia, akimenya hindi bichi taratibu kama mgeni aliyekaribishwa, na chini ya makalio yake spika ikipiga ukelele kwa lugha yao: Chui! Chui! Chui! Devota Kunambi alisimama hatua kumi kutoka pale, kishikwambi mkononi, hajui acheke au alie.

"Kinasema nini hicho kidude chako?" Koleta, mama yake mkubwa, aliuliza kutoka katikati ya mistari ya mahindi. Shamba lilikuwa lake.

"Kinasema chui, Mama mkubwa."

"Na huyo aliyekikalia anajibuje?"

Dume akatupa gunzi, akajifuta mdomo kwa kiganja, akachagua hindi jingine.

"Anasema hajashiba."

Koleta hakucheka. Aliokota bonge la udongo, akalipima mkononi, kisha akaliachia lianguke miguuni pake. Sheria mpya ya wanyama ilikuwa haina masihara: kumpiga tumbili hata kwa kokoto kulikuwa kifungo, na juu ya milima ya Uluguru kulikuwa na macho yanayoruka mchana kutwa, yakipiga picha. Zamani shamba kama lile lingekuwa na dungu, na juu ya dungu mtoto mwenye kombeo na makopo ya kugonga. Lakini sheria ya shule nayo ilikuwa kali vilevile. Mtoto akikutwa anaamia shamba siku ya masomo, mzazi ndiye anayekwenda kujieleza kwa mtendaji. Kwa hiyo mahindi ya kijiji cha Kilengezi yalilindwa kwa maneno matupu, tena maneno yenyewe ya kuibwa.

Maneno hayo aliyaiba Devota.

Alikuwa ameyaiba kwa ustadi, na alilipenda kosa lake kwa muda mrefu kabla ya kulijua. Mwaka mzima alikaa kando ya mto na vinasa sauti, akirekodi kundi la tumbili wa Mkuyuni, hadi akili mnemba iliyokuwa ndani ya kishikwambi ikajifunza kuwatofautisha mmoja mmoja kwa sauti tu. Tumbili wana mlio wa chui, na wakiusikia hukimbilia matawi membamba ambako chui hawezi kufika. Wana mlio wa tai, na wakiusikia hutazama juu na kujitosa kichakani. Wana mlio wa nyoka, na wakiusikia husimama kwa miguu miwili na kuchunguza majani. Kisanduku kilipoona kwa kamera yake kwamba kundi linasogelea mahindi, kililia chui kwa sauti ya mmoja wao, na kundi zima likarudi mitini mbio. Siku ya kwanza wanawake wa Kilengezi walipiga vigelegele. Koleta alimkumbatia Devota mbele za watu, akasema, "Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, msidhani ameokotwa."

Jambo ambalo Devota hakulijua siku ile ni kwamba tumbili si wajinga wa kuchoka na neno. Neno chui halikuchuja hata kidogo. Walichokifanya ni kile ambacho watu wa Kilengezi wenyewe wangekifanya: walimchunguza msemaji. Kila sauti ilidumu miezi minne, mitano, kisha kundi likahitimisha kwamba fulani ni mwongo, na kuanzia hapo fulani huyo akilia chui hakuna anayenyanyua kichwa. Devota akaweka sauti nyingine. Nayo ikaisha. Katika miaka mitatu alikuwa amemaliza nane, kati ya tisa tu ambao kundi liliutii mlio wao.

"Hii ndiyo ya nane?" Koleta aliuliza, akielekeza kidevu kwenye kisanduku kinachopiga kelele.

"Ndiyo ya nane."

"Basi leta ya tisa, mwanangu. Wiki mbili zimebaki tuvune. Wiki mbili tu!"

*

Ofisi ya ushirika ilikuwa na madirisha mawili, na yote mawili yalikuwa hayafunguki. Mzee Mloka, mwenyekiti, alikaa nyuma ya meza akijipepea kwa daftari la mahudhurio. Fidelis, katibu, aliandika. Koleta alikaa kwenye benchi pamoja na wajumbe wengine wanne. Devota alikuwa amekwisha kueleza mara mbili.

"Sauti zimebaki ngapi?" Mloka aliuliza.

"Moja, Mwenyekiti. Ya jike anayeitwa Kishungi. Lakini nilikuwa naomba—"

"Iweke."

"Naomba kwanza mnisikilize."

"Tumekusikiliza tangu saa tatu."

"Mmenisikiliza, lakini hamjanisikia!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Fidelis akaacha kuandika. Devota akavuta pumzi, akaanza upya, safari hii kwa utaratibu. "Mnamkumbuka Kisiki? Yule jike mzee, mkia wake umekatika?"

Wanamkumbuka. Nani asiyemkumbuka Kisiki? Sauti yake ndiyo iliyotangulia, na ilitangulia kwa sababu ya kikao kama hiki, katika ofisi hiihii. Devota alikuwa amependekeza waanze na kijana mmoja dume asiye na cheo kundini, Mzee Mloka akasimama na kushika kiuno. "Tangu lini tukaanza na mtoto na wakubwa wapo?" alisema siku ile. "Hata chakula cha msibani huanzia kwa wazee." Watu wote wakapiga makofi. Devota naye, aliyelelewa kwa adabu hizohizo, aliona ni sahihi kabisa, akapiga makofi pamoja nao. Hivyo wakamchukua aliyeaminiwa kuliko wote, bibi wa kundi, aliyekuwa mlinzi wao, wakamfanya mwongo kabla ya wengine wote. Kisha wakashuka kwa daraja, wa pili, wa tatu, mpaka wakaliacha kundi halina mkubwa wa kusikilizwa.

"Kisiki sasa hivi hakuna anayemgusa," Devota alisema. "Tumbili wakipendana hukaa wakachambuana manyoya, wakatoana chawa. Ndiyo salamu yao, ndiyo undugu wao. Kisiki akienda kukaa karibu na binti yake, binti anahama. Masika iliyopita alikuwa na mtoto mchanga. Tai alikuja. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Alilia tai, tai wa kweli, hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Mtoto akachukuliwa. Na sasa ni yeye na wengine saba. Wanane hawaaminiki! Nikimchukua na Kishungi, hakuna atakayebaki wa kuwaambia wenzake ukweli. Chui akija kweli, watakufa wakitafuna."

Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Umeandika wilayani?" Fidelis aliuliza.

"Mara tatu."

"Wamesemaje?"

"'Ripoti yako imepokelewa.' Fomu yao ina sehemu ya kujaza magunia yaliyookolewa na sehemu ya kujaza visanduku vilivyoharibika. Hili nitalijaza wapi?"

Koleta akajikohoza. "Devota, mwanangu. Mimi nimelala kwenye dungu tangu nina miaka saba. Shule nimeiona kwa nje. Nilikuwa nagonga kopo, wenzangu wanapita chini na madaftari, wananipungia mkono. Leo mtoto wa Kilengezi anasoma, kwa sababu ya hicho kidude chako. Wewe mwenyewe ulituambia kitafanya kazi. Sasa unataka tufanyeje? Tuwarudishe watoto juu? Au tule majani?"

Hasira ya Devota ilitafuta pa kwenda ikakosa. Wilaya ilikuwa mbali, tumbili hawana baraza, na mama yake mkubwa alikuwa anasema kweli. Usiku na mchana alikuwa ametafuta katika milio yote aliyoirekodi, mamia ya masaa, mlio hata mmoja wa kusema "yule hakudanganya, ni mimi". Haupo. Wana mlio wa kuomba, wa kutisha, wa kumwita mtoto. Wa kumsafisha mtu jina hawana.

"Ijumaa," Mloka alisema, akifunga daftari. "Ijumaa saa nne tutakuja wote shambani kwa Koleta, utuwekee hiyo ya tisa na tuione inafanya kazi. Hatujui kuwatofautisha, kwetu sisi hao wote ni tumbili tu. Wewe ndiye unayewajua, nasi tunakutegemea."

*

Ijumaa kamati ilifika saa tano, kwa kuwa saa nne ya Kilengezi ndiyo hiyo. Walisimama pembezoni mwa shamba la Koleta, kwenye kivuli cha mgunga, wakipiga soga. Mbele yao, kati ya mahindi na miti ya mtoni, palikuwa na konde lililolala bila kulimwa, majani ya manjano yakifika magotini. Kundi lote lilikuwa humo, tumbili thelathini na wawili, wakiokota panzi na kusogea kidogo kidogo kuelekea mahindi.

Devota alikuwa amezima sauti ya nane tangu asubuhi. Sauti ya Kishungi ilikuwa tayari kwenye kioo cha kishikwambi. Ilibaki kubonyeza tu. Mwenye sauti alikuwa katikati ya konde, nywele za utosi zimemsimama, mtoto akimning'inia kifuani. Majike wawili walikuwa wamemzunguka, mmoja akimchambua mgongo. Devota akachelewesha. Alikagua nyaya ambazo hazina tatizo, akafuta kioo ambacho hakina vumbi.

"Tunasubiri nini?" Fidelis aliuliza.

"Wasogee kidogo."

Ndipo Kisiki alipolia.

Alikuwa juu ya kichuguu, peke yake, mbali na wenzake kama alivyozoea siku hizi. Alisimama wima kwenye kile kipande chake cha mkia, akalia mlio mfupi, mkavu, akaurudia, akaurudia. Chui. Konde zima hakuna aliyenyanyua kichwa. Tumbili mmoja mdogo tu ndiye aliyesita, na mama yake akamvuta waendelee.

"Haya, kimeanza tena hicho kisanduku," Koleta alisema, na wajumbe wakacheka.

"Si kisanduku," Devota alisema. Macho yalikuwa kwenye kioo. Visanduku vyote kumi na vinne vilikuwa kimya. "Mama mkubwa, si kisanduku. Nimevizima."

"Kama si kisanduku ni nini?"

Devota aligeuza kamera ya kisanduku cha mtoni. Kwa muda aliona majani tu. Kisha majani yakawa na sikio, na nyuma ya sikio bega, likisogea chini chini kutoka upande wa mto, likielekea katikati ya konde. Kati ya chui na Kishungi hapakuwa na hatua ishirini na tano.

Mawazo yakamjia yote kwa pamoja, hakuna lililosubiri jingine. Kupiga kelele ni kazi bure, watu wa Kilengezi wamewapigia kelele tumbili miaka mitatu na hawakimbii tena. Kukimbilia kule, hawezi kufika. Sauti ya nane, ya saba, ya sita, zote walikwisha kuzitupa. Palikuwa na sauti moja tu duniani ambayo kundi lile lingeisikia, na iko chini ya kidole chake. Na wazee wa ushirika wamesimama nyuma yake, wamekuja mahsusi kuona kama inafanya kazi. Akiibonyeza, ataokoa kundi leo na kulimaliza kesho, kwa sababu hakuna kamati itakayoona jambo kama hilo kisha iliache. Asipoibonyeza, chui atachukua mmoja tu, wawili, labda mwenye sauti yenyewe.

Juu ya kichuguu Kisiki alikuwa bado analia. Angeweza kushuka na kujiokoa, hakushuka.

Devota akabonyeza.

Sauti ya Kishungi ilitoka kwenye visanduku sita kwa mpigo. Konde likalipuka. Tumbili walikimbilia miti ya mtoni na mgunga uleule waliokuwa wamesimama watu, wakawapita miguuni, wakapanda. Katikati ya konde mmoja tu alibaki palepale. Kishungi alisimama, mtoto kifuani, mdomo umefungwa, akigeuza kichwa kutafuta ni nani aliyesema kwa sauti yake. Devota alimpigia kelele, "Kimbia, mjinga wewe!" kana kwamba anaelewa Kiswahili. Chui akaruka. Kishungi akaruka kabla yake kwa kitambo kidogo sana, akashika tawi, akapotea juu.

Chui alisimama katikati ya konde, amekasirika, mkia ukipiga huku na huku. Akawaona watu. Wajumbe wa kamati ya ushirika wakajua kila mmoja na miguu yake. Mzee Mloka aliyekuwa na fimbo aliisahau, na Fidelis alimpita kwa mbali. Walipogeuka, chui alikuwa ameshaingia vichakani mtoni, na konde limebaki tupu.

Kisiki alipanda wa mwisho. Devota alimfuata kwa kamera mpaka kwenye tawi walilojazana wenzake. Walimpisha, lakini hawakumpisha kwa heshima. Walihama wote wakaenda kwenye tawi la Kishungi, wakamzunguka, na mikono mitano ikaanza kumchambua manyoya kwa shukrani. Kishungi alitazama chini, kwenye kisanduku. Kisiki, aliyemwona chui kabla ya wote na kusema kweli kabla ya wote, alibaki amekaa peke yake akihema. Devota aliona hayo yote kwenye kioo. Hata ukweli wake walikuwa wamemwibia.

*

"Umeona?" Mzee Mloka alikuwa amerudi, hana pumzi, uso unang'aa. "Umeona maajabu haya? Thelathini nzima, kama walioitwa kwa filimbi! Wiki mbili? Kwa sauti hiyo tutavuna mwaka kesho na keshokutwa!"

"Ndiyo ya tisa hiyo?" Fidelis alikuwa na kalamu tayari.

Wajumbe walimzunguka Devota. Koleta naye alisogea, khanga imemdondoka begani, bado anatazama upande wa mtoni kwa hofu. Juu yao, kwenye mgunga, tumbili walikuwa wametulia.

Miaka mitatu Devota alikuwa amewaambia watu hawa kila kitu, hata kisichowapendeza. Aliwaambia sauti ya kwanza ilipokufa, na ya pili, na alipokosea yeye alisema amekosea yeye. Kwa ukweli wote huo hawakumpa hata Ijumaa moja ya nyongeza.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni ya Kisiki."

"Kisiki?" Mloka alishangaa. "Si ulisema imekufa?"

"Ilikufa. Lakini tumeipumzisha miaka miwili na zaidi, Mwenyekiti. Inaonekana ikipumzishwa inarudi." Maneno yalitoka laini, hata yeye mwenyewe alistaajabu. "Mmemsikia alivyoanza mwenyewe pale juu ya kichuguu, kisha nikamuunga mkono na visanduku. Ile ya tisa sikuigusa. Na kusema kweli haitafaa, ni ya mtoto mtoto, hawamjali."

"Nilisema mimi!" Mloka alipiga fimbo chini, maana alikuwa ameshaiokota. "Tangu siku ya kwanza! Mkubwa ni mkubwa. Andika, Katibu. Tunarudi kwa Kisiki."

Fidelis akaandika. Devota akaweka sauti ya Kisiki kwenye visanduku vyote kumi na vinne, mbele ya macho yao, kidole kikienda bila kukosea. Alijua itakavyokuwa. Kesho asubuhi, au keshokutwa wakikawia, kundi litashuka kutoka mitini, litapita konde, na litaanza na mstari wa kwanza wa shamba lililo karibu na mto kuliko yote, la Koleta. Kisanduku kitalia mpaka kikauke.

Kamati iliondoka ikisimuliana habari za chui, ambaye alikuwa ameanza kukua. Koleta alibaki. Alimtazama Devota kwa muda mrefu, na Devota akajiandaa kuulizwa.

"Mimi milio ya tumbili siijui," Koleta alisema. "Wewe ndiye unayesema hii itatosha mpaka tuvune?"

"Ndiyo, Mama mkubwa."

"Basi yamekwisha." Akajifunga khanga vizuri, na uso wake wote ukalegea kwa nafuu. "Unajua Agripina amejifungua huko Mlali, leo siku ya tisa? Mwanangu wa kumzaa, na sijaenda hata kumkanda kwa maji ya moto, nimefungwa hapa na hawa mashetani. Kesho alfajiri naondoka. Nitakaa naye hizo wiki mbili, nikirudi tunavuna."

Devota akafungua mdomo. Palikuwa na maneno mengi ya kusema, na hakuna hata moja ambalo halingemfikisha Kishungi ndani ya kisanduku.

"Nenda salama, Mama mkubwa. Nisalimie mtoto."

"Zimefika." Koleta akamshika shavu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo, akaanza kupanda njia ya nyumbani akiimba chinichini. Shamba lake lilikuwa nyuma yake, mahindi yamebeba mawili mawili, na hakugeuka kulitazama hata mara moja.